Kumsaidia Mzazi si Kumkalisha

Sifa zote njema zinamstahiki Mwenyezi Mungu Mtukufu, aliyemuumba mwanadamu katika hali ya udhaifu, kisha akampa nguvu, kisha akamrejesha katika udhaifu na mvi. Rehema na amani zimfikie Mtume wetu Muhammad (S.A.W.), na jamaa zake, na Sahaba zake, na kila aliyefuata njia yao kwa wema. Ama baada ya hayo:

Hapana Muislamu asiyejua kwamba kuwafanyia wema wazazi wawili ni wajibu. Katika Suratul Israai, aya ya 23 na ya 24, Mwenyezi Mungu ameiambatanisha amri hii na amri ya kumwabudu Yeye peke yake, akautaja uzee waziwazi, na akakataza hata lile neno dogo kabisa la kuonyesha kuchoshwa. Lakini mwenye kuujua wajibu huenda asijue namna ya kuutekeleza. Watoto wengi hawawaasi wazee wao kwa makusudi. Hukosea kwa wingi wa mapenzi, wakadhani kwamba kila wanachomwondolea mzazi ni mzigo, kumbe baadhi ya walivyomwondolea ndivyo vilivyokuwa uhai wake.

Mas-ala yenyewe

Mas-ala haya yanaweza kusawiriwa hivi. Mama mwenye umri wa miaka 72, mzaliwa wa Unguja, anaishi na binti yake katikati ya mji wa Durban, Afrika ya Kusini, katika ghorofa ya pili ya jengo la zamani, si mbali na Msikiti wa Ijumaa wa Grey Street, njia ambayo leo inaitwa Dr Yusuf Dadoo Street. Nyonga yake ya kulia inamuuma anaponyanyuka kwenye kiti kifupi, anaposhuka ngazi, na anapokaa kwa ajili ya tahiyatu. Hata hivyo, desturi yake ni kwenda asubuhi katika soko la Victoria Street, akachagua bizari kwa mkono wake, akaamkiana na wauzaji, kisha akarejea nyumbani. Mwanawe wa kiume yuko Maskat, naye ndiye apelekaye fedha kila mwezi. Aliposikia habari ya maumivu hayo aliagiza kwa simu kwamba mama anunuliwe kiti cha magurudumu, aajiriwe mtumishi, asishuke tena ngazi wala asishike kazi yoyote. Binti anaona kwamba mama akikalishwa ataharibika. Mama mwenyewe anasema kwamba bado ana haja na miguu yake. Je, ni yupi kati ya watoto hawa amfanyiaye mama wema? Na ni nani mwenye haki ya kukata shauri?

Mfano huu umewekwa Durban, lakini hali yake inajulikana kila mahali walipotawanyika watu wa pwani. Ni nyumba chache za Ghuba zenye asili ya Afrika ya Mashariki ambazo hazina mzee aliye mbali, akiangaliwa na ndugu mmoja na kugharimiwa na mwengine. Ugomvi wa ndugu hao mara nyingi hauwi juu ya fedha, bali huwa juu ya maana ya wema.

Kuyafahamu maradhi kabla ya kuhukumu

Wanavyuoni wameeleza kwamba hukumu ya jambo hufuata kulifahamu jambo lenyewe. Basi haifai kuizungumza haki ya mgonjwa kabla ya kuujua ugonjwa wake. Nyonga ni mahali ambapo kichwa cha mfupa wa paja, kilicho mviringo, huzunguka ndani ya kikombe cha mfupa wa kiuno, na baina yao lipo gegedu laini linalozuia mfupa kusuguana na mfupa. Kwa wazee wengi gegedu hilo hupungua na kuchubuka. Maumivu yake huonekana zaidi kwenye kinena, hushuka pajani, na mara nyingine hudhihiri gotini, hata mtu akalitibu goti lisilo na ila yoyote. Watu wetu huyaita yote hayo baridi yabisi.

Wengi hudhani kwamba kiungo cha namna hii ni kama kiatu kilichochakaa, kwamba kila kikitumiwa kinazidi kwisha, na kwa hivyo dawa yake ni kukiweka. Kipimo hicho si sahihi, kwani kiatu hakina uhai na kiungo kina uhai. Gegedu halina mishipa ya damu. Hupata chakula chake kutokana na majimaji ya kiungo, ambayo husukumwa pale mtu anapojongea. Uzito wa mwili nao hubebwa na misuli ya paja na ya makalio pamoja na mifupa. Misuli isiyotumiwa hunyauka, na kwa mzee hunyauka upesi na hurejea kwa taabu. Basi mzee aliyekalishwa kwa sababu ya maumivu hudhoofika misuli, na misuli ikidhoofika maumivu huzidi, na maumivu yakizidi hofu huingia, na hofu humfanya akae zaidi; mwisho wake huanguka usiku akielekea chooni, naye ni yule yule aliyekatazwa kutembea ili asianguke.

Kwa ajili hiyo madaktari wa zama hizi hutanguliza mazoezi ya viungo na kupunguza uzito uliozidi, kisha dawa za kutuliza maumivu kwa kiasi, kwani baadhi ya dawa hizo hudhuru tumbo na figo za wazee zikitumiwa bila ya uangalizi. Shirika la Afya Duniani, katika miongozo yake ya mwaka 2020, limewanasihi wenye umri wa miaka 65 na zaidi wafanye harakati za wastani dakika 150 hadi 300 kwa wiki, pamoja na mazoezi ya kuuweka mwili sawa usiyumbe, siku 3 au zaidi. Na asiyeweza kiasi hicho ajitahidi kwa kadiri ya uwezo wake.

Yako mambo yanayotoka katika kanuni hii. Mzee akianguka kisha asiweze kusimama, au mguu wake ukaonekana kuwa mfupi na umegeukia nje, huyo huenda amevunjika mfupa, naye hupelekwa hospitali saa ile ile. Vile vile maumivu yaliyoambatana na homa, au yanayomwamsha mtu kila usiku huku mwili ukikonda, hutaka daktari kabla ya zoezi lolote. Kumlazimisha mtu wa namna hiyo atembee ni kumdhuru.

Kilichowezekana hakianguki

Ukishafahamika ugonjwa, Sheria imeshaonyesha njia katika ibada iliyo tukufu kuliko zote baada ya shahada, nayo ni Sala. Kusimama katika Sala ya faradhi ni lazima kwa mwenye uwezo. Asiyeweza kusimama husali kwa kukaa, na asiyeweza kukaa husali kwa ubavu. Na mwenye kushindwa kurukuu na kusujudu huashiria, akaifanya ishara ya sijda kuwa ya chini zaidi kuliko ya rukuu. Wanavyuoni wakachukua humo kanuni kwamba kinachowezekana hakianguki kwa sababu ya kuanguka kisichowezekana. Mama anayeweza kusimama kwa muda wa Fatiha na sura fupi, lakini hawezi kukaa chini, hana ruhusa ya kuanza Sala yake juu ya kiti kwa kuwa tu kiti kipo. Husimama anapoweza, kisha huketi pale anapoemewa.

Hapa ndipo inapodhihiri hatari ya huruma isiyo na elimu. Mtoto anayemwekea mama kiti kabla hajakihitaji, akamshika bega na kumwambia asijitaabishe, na mama akamtii kwa kumstahi, ameingia baina ya mja na Mola wake katika nguzo ya Sala. Hakukusudia ila kheri, lakini amemwondolea mama jambo ambalo Mwenyezi Mungu hajamwondolea. Na kama hilo halifai katika Sala, basi katika mambo mengine ya maisha halina budi kufikiriwa kwa kipimo hicho hicho. Wema ni kumpa mzazi kile alichokikosa, na kumwachia kile alichobaki nacho.

Katika Wanavyuoni wa madhehebu yetu hapana mfano ulio wazi kuliko wa Sheikh Nuruddin As-Salimy, aliyefariki mwaka 1332 Hijria, sawa na mwaka 1914. Alipofuka macho akiwa bado mtoto. Lau jamaa zake wangesema kwamba kipofu haki yake ni kukalishwa na kulishwa, Oman ingekosa vitabu vyake vya fiqhi na vya tarehe, na wanafunzi wake wangekosa mwalimu. Waliomzunguka walimpa macho yao, wakimsomea na kumwandikia, wala hawakumnyang'anya akili yake, wala ulimi wake, wala safari zake.

Namna ya kumpa alichokikosa

Mwenye nyonga mbovu amepungukiwa na vitu vinavyohesabika, na kila kimoja kina badala yake. Cha kwanza ni mkongojo. Wako wazee wanaouonea haya, na wako watoto wanaouonea haya kwa niaba ya wazee wao. Wakumbuke kwamba Nabii Musa (A.S.), katika Sura ya Taha, alipoulizwa juu ya fimbo yake, jambo la mwanzo alilolitaja ni kwamba huiegemea, na hapana aibu katika jambo alilolitaja Mtume mbele ya Mola wake. Mkongojo hushikwa kwa mkono ulio upande wa pili wa nyonga inayouma: ikiuma ya kulia, hushikwa kwa mkono wa kushoto, nao huchukua sehemu ya uzito. Urefu wake ufikie kifundo cha mkono mtu asimamapo wima na mkono umeteremka. Watu wengi huushika upande wa ugonjwa, wakazidisha kuyumba.

Cha pili ni ngazi. Apandapo hutanguliza mguu mzima, na ashukapo hutanguliza mguu mgonjwa pamoja na mkongojo, huku mkono mwengine umeshika ukuta au chuma cha ngazi. Katika majengo ya zamani ya katikati ya mji, ambamo lifti huenda zikasimama siku nyingi, elimu hii ndogo humpa mzee ufunguo wa mlango wake mwenyewe.

Cha tatu ni kiti na choo. Kiti kirefu chenye mikono humwezesha mtu kunyanyuka peke yake, ambapo kochi la chini na laini humfanya mateka mpaka aje wa kumvuta. Choo huinuliwa kwa kikalio cha juu, na hutiwa chuma cha kushikia ukutani. Mazulia yanayoteleza huondolewa, na taa huwekwa njiani kwa ajili ya kuamka usiku kwa haja au kwa Sala. Mambo haya yote gharama yake ni ndogo kuliko ya kiti cha magurudumu, na heshima yake ni kubwa zaidi.

Cha nne ni njia na mwenza. Mwana aliye Maskat hakukosea kuhofia katikati ya Durban. Msongamano wa Warwick na Grey Street si jambo dogo, na wanyang'anyi wapo, na mkoba wa mama mzee huwavutia. Lakini jawabu ya hofu hiyo ni kumpa mama mwenza. Mtumishi akiajiriwa, naabebe kikapu, na kuchagua bizari kubaki kwa mama. Siku ambayo soko limejaa mno, mama hupandishwa gari akapelekwa kwenye njia ya kando ya bahari, ambayo ni tambarare, akatembea asubuhi kabla ya jua kupanda, akapumzika, kisha akaendelea. Katika nchi za Ghuba, ambako jua la kiangazi halivumiliki, wazee hutembezwa baada ya Alfajiri, au ndani ya majengo makubwa ya maduka yenye ubaridi. Anayeanza na dakika tano leo huenda akafikia kumi wiki ijayo. Haba na haba hujaza kibaba. Kinachotakiwa ni kudumu, na maumivu madogo yanayotulia baada ya kupumzika si dalili ya madhara. Lakini yakizidi mpaka siku ya pili, kiasi hupunguzwa.

Ikiwa anahitaji mtaalamu wa mazoezi ya viungo, atafutiwe mwanamke kwa mwanamke na mwanamume kwa mwanamume, kwa kuwa kiuno na paja ni mahali pa kusitiriwa. Na asipopatikana, dharura inaruhusu kwa kiasi cha haja yake, pamoja na kuwapo maharimu.

Hofu ya kuanguka

Huenda akasema msemaji kwamba kuzuia madhara kunatangulia kuleta manufaa, na mama akitembea anaweza kuanguka. Jawabu ni kwamba pande zote mbili zina madhara, wala hapana upande uliosalimika. Kuanguka ni madhara yanayoweza kutokea na yanayoweza kupunguzwa kwa mkongojo, kwa viatu visivyoteleza, kwa mwangaza na kwa mwenza. Kunyauka kwa mwili uliokalishwa ni madhara yanayotokea kidogo kidogo, na hayaonekani mpaka yamekamilika. Mwenye kuogopa la kwanza tu ameona nusu ya jambo. Na zaidi ya mwili, iko huzuni ya mtu aliyekuwa na mahali pa kwenda kisha akawa hana. Hiyo haionekani katika picha ya hospitali, nayo huua hamu ya kula na ya kusema.

Mji huu wa Durban unayo habari yake katika mlango huu. Kati ya mwaka 1873 na 1880, Waafrika mia kadhaa, wengi wao Wamakua, waliotolewa na manowari za Kiingereza katika majahazi ya watumwa, walipelekwa Natal kutoka Zanzibar, wakajulikana huko kwa jina la Wazanzibari. Walikaa King's Rest, kwenye Bluff, ng'ambo ya bandari, wakashika dini yao na wakalea vizazi. Mwanzoni mwa miaka ya 1960, kwa sheria ya ubaguzi iliyogawa makazi kwa rangi za watu, walihamishiwa Chatsworth, mbali na bahari. Huko kulikuwa na nyumba, lakini nyumba haikuwa badala ya njia ambazo miguu ya wazee ilikuwa imezizoea. Nia ya dhalimu na nia ya mtoto mwema ziko mbalimbali kama mbingu na ardhi, wala hazilinganishwi. Lakini mzee anayeondolewa katika njia yake bila ya kuulizwa huonja uchungu ule ule, akiwa ameondolewa na serikali au ameondolewa na mwanawe.

Haki ya kukata shauri

Basi ni nani mwenye shauri? Mtu mzima mwenye akili timamu ndiye mwenye mamlaka juu ya nafsi yake na mali yake, na uzee peke yake hauondoi mamlaka hayo. Kadhi humwekea mtu msimamizi kwa kupotewa na akili au kwa ubadhirifu uliothibiti. Hamwekei kwa sababu ya kuumwa nyonga. Watoto wana haki ya kunasihi, na kuleta habari za daktari, na kuomba kwa unyenyekevu. Hawana haki ya kuamrisha. Hali ni hiyo hiyo katika upasuaji. Tangu mwaka 1962, alipoanza daktari Mwingereza John Charnley kuweka nyonga ya bandia ya namna iliyofaulu, tiba hii imewarejeshea watu wengi mwendo wao, na kujitibu ni jambo lililoruhusiwa. Lakini anayelazwa juu ya kitanda ni mama. Akikubali, asizuiwe na mtoto mwenye hofu; na akikataa baada ya kufahamishwa, asisukumwe na mtoto mwenye haraka.

Hukumu hii inamgusa binti kama inavyomgusa mwana. Yeye ndiye aliyekaribia zaidi usawa, kwa kuwa anataka mama abaki na uwezo wake. Lakini akigeuza kutembea kuwa amri, akamhesabia mama hatua, akamkemea siku anayosema kwamba leo hawezi, ameangukia katika lile lile alilomlaumu nduguye, kwani na yeye ameushika mwili wa mama kama kwamba ni mali yake. Siku mama anapotaka kupumzika, hupumzishwa. Na mama naye ana wajibu wake: asifiche maumivu kwa kuogopa kukalishwa, wala asikatae mkongojo kwa kuona haya, wala asimchoshe binti kwa kazi anazoziweza mwenyewe.

Ama mwana aliye mbali, fedha zake ni wema unaolipwa kwa Mwenyezi Mungu, lakini hazimnunulii uamiri juu ya nyumba asiyoishi. Akitaka kheri, naazielekeze kwenye nyumba ya chini isiyo na ngazi, kama mama mwenyewe anaipenda, na kwenye daktari, na kwenye msaidizi atakayempumzisha dada yake, ambaye mgongo wake nao una haki. Anayemnyanyua mzazi usiku ana shahada ya mambo ambayo simu haiyafikishi. Basi katika mambo ya kila siku kauli yake isikilizwe kwanza baada ya kauli ya mama.

Na ikifika siku ambayo uwezo umekwisha kweli, kwa kudra ya Mwenyezi Mungu, akili ikapotea au mwili usinyanyuke tena, hapo kanuni ile ile inabadili upande: kilichokosekana kimekuwa kingi, na watoto hutakiwa wakitoe chote, wakamlisha, wakamwosha na wakamgeuza, kwa uso mkunjufu na bila ya kuhesabu. Wakati huo kiti cha magurudumu ni rehema, nacho humfikisha mzee msikitini au penye bahari. Kinachokatazwa ni kuileta siku hiyo kabla ya wakati wake.

Basi ewe msomaji mwenye mzazi aliye mbali, unapompigia simu usikomee katika kumuuliza kama amekunywa dawa. Muulize pia leo amekwenda wapi, na amekutana na nani. Na akikujibu kwamba ametembea mpaka mwisho wa njia na kurudi, mshukuru Mwenyezi Mungu kwa neema hiyo, na mshukuru ndugu yako aliyefuatana naye.

Tunamuomba Mwenyezi Mungu awape wazee wetu afya katika viungo vyao na utulivu katika nyoyo zao, na atujaalie tuwe wenye kuwahudumia kwa elimu na upole, na awarehemu waliotangulia katika wao kama walivyotulea tulipokuwa hatuwezi kusimama. Amin.